Mji wa Wenye Chongo: Uchaguzi Unavyopotea Katika Riwaya za Vijana

Kila aliyepita darasa la Kiswahili nchini mwetu aliandikishwa methali hii kwenye daftari: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwalimu akaeleza kwamba maana yake ni kuheshimu desturi za wenyeji, tukaandika, tukapigiwa vema. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka, na sikuwahi kumsikia mwanafunzi akiuliza swali ambalo, nikilifikiria sasa, lilipaswa kuwa la kwanza: huyo mgeni aliyefumba jicho, akishakaa mji huo miaka 20, siku akitaka kulifumbua litaona?

Nilikuja kulisikia barazani kwangu, Mwanga, hapa Kigoma mjini, Jumamosi moja jioni. Aliyeuliza ni binti wa kidato cha nne ambaye asubuhi yake alikuwa Kibirizi akimsaidia mama yake kugeuza dagaa kwenye chanja. Mikono yake ilikuwa bado inanukia ziwa. Tuna kikundi cha kusoma, vijana wanane au tisa kutegemea mvua na ratiba ya mechi. Vitabu ni vya kuazimana, kurasa nyingine zimeachia gundi, na wengine husoma kwenye simu. Miezi ile tulikuwa tumezama kwenye riwaya za aina wanayoipenda kupita zote: zile za dunia ya kesho ambako kila kitu kimepangwa, na kijana mmoja anagundua kwamba hajawahi kuchagua chochote maishani mwake.

Wengi wanazijua riwaya hizi kwa filamu. Hapa kwetu zimepita kwenye vibanda umiza, zimetafsiriwa na sauti ya mtu anayechekesha kuliko waigizaji, na zimepokewa kama filamu za mapigano: serikali mbaya, msichana mwenye upinde, wabaya wanakufa, watu wanarudi kulala. Ndiyo maana nataka kuzifumbua kidogo. Mapigano ndiyo sehemu yake nyepesi. Sehemu nzito ni jinsi watu wazima, wenye akili timamu, wanavyofika mahali pa kukabidhi haki ya kuchagua, tena wakishukuru.

Tuanze na jina. Wataalamu wa fasihi huziita riwaya za distopia. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alitunga kitabu kuhusu kisiwa chenye mpango mzuri wa maisha, akakiita Utopia, neno alilolifinyanga kutoka Kigiriki likiwa na maana ya mahali pasipokuwapo. Mwaka 1868 John Stuart Mill, akiikosoa bungeni sera ya serikali ya Uingereza juu ya Ireland, aliligeuza neno hilo kichwa chini: badala ya mahali pazuri mno pasiweze kuwapo, mahali pabaya mno. Kutoka hapo distopia ikawa jina la jamii iliyopangwa hadi ikageuka jinamizi.

Sisi hatukuhitaji kuazima wazo hilo. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na katika kujitetea anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa nje, wakarudi nayo, wakafungwa. Ina viungo vyote vya distopia. Tofauti yake na riwaya za vijana za leo ni moja. Kusadikika mkosaji anaonekana: ukiuliza nani amemshtaki Karama, unaonyeshwa kwa kidole, na ana jina, tena jina lenyewe ni Majivuno. Kwenye riwaya zilizokuja baadaye unamtafuta mkosaji humwoni. Unakuta kamati ya wazee wenye adabu, baba mpole, na jirani anayekusalimia kila asubuhi.

Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni The Giver ya Lois Lowry, iliyotoka Marekani mwaka 1993 na mwaka uliofuata ikapata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo. Inamhusu Jonas, mvulana wa miaka 11 anayesubiri kwa wasiwasi sherehe ya kutimiza 12. Kwao hakuna siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja mmoja. Watoto wote wa rika moja hupanda ngazi pamoja, Desemba. Wa miaka 9 hupewa baiskeli. Wa 12 hutangaziwa kazi ya maisha. Hakuna anayeomba. Wazee wa kamati wamekuwa wakiwaangalia kwa muda mrefu, nani anafurahia kuwaogesha vikongwe, nani hawezi kutulia, nani anajua kuamua ugomvi, kisha wanapanga. Wenzi wa ndoa wanapangwa. Watoto wanaombwa kwa maandishi na kugawiwa, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, wamezaliwa na wanawake ambao kuzaa ndiyo kazi waliyopangiwa. Hakuna njaa, hakuna vita, hakuna anayelala nje. Vilima vimesawazishwa. Theluji imeondolewa. Na, jambo ambalo msomaji analijua kwa kuchelewa, hakuna rangi.

Hapo ndipo mwandishi ameonyesha ufundi. Mwanzoni haandiki popote kwamba watu hawa hawaoni rangi. Jonas anarushiana tufaha na rafiki yake. Ghafla, tufaha likiwa hewani, linabadilika kwa nukta moja, halafu linarudi lilivyokuwa. Analibeba nyumbani, analichunguza kwa kioo cha kukuzia, haoni kitu. Baadaye spika inatangaza, bila kumtaja jina, kwamba wavulana wa miaka 11 wakumbushwe kuwa vitafunio ni vya kula na si vya kujiwekea. Kila mtu anajua ni yeye. Anaomba radhi. Kurasa nyingi mbele ndipo tunaambiwa kwamba alichokiona siku ile ni wekundu.

Vijana wangu walibisha sana hapo. Mmoja, mrefu, mbishi wa kuzaliwa, ambaye uwanjani Lake Tanganyika humbishia mwamuzi akiwa amekaa jukwaani, alifungua kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza kutafuta neno moja la rangi ili amkamate mwandishi. Tukamwacha. Aliperuzi kwa kidole kwa zaidi ya nusu saa, sisi tukinywa chai. Alikuta macho maangavu na macho ya giza, basi. Akafunga kitabu, akasema taratibu, "Mwalimu, na mimi sikuona."

Alikuwa amesoma sura nzima za maisha yasiyo na rangi bila kutambua kwamba kuna kitu kimekosekana. Kichwa chake kilimpakia rangi mwenyewe, nguo wakavaa, majani yakawa ya kijani, naye akaendelea. Sijawahi kuona maelezo mazuri kuliko hayo ya jinsi uchaguzi unavyopotea: hausikii mlango ukifungwa.

Jonas anapotimiza 12 anapewa kazi ya ajabu. Anakuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu, mtu mmoja anayebeba kumbukumbu zote za zamani, za raha na za maumivu, ili wengine wote wasisumbuke nazo. Mzee anayemrithisha anampa kumbukumbu ya kuteleza kwenye theluji, ya jua, ya rangi. Siku moja kijana anang'aka: kama kila kitu kinafanana, basi hakuna cha kuchagua! Anataka kuamka asubuhi aamue avae la bluu au jekundu. Mzee hambishii. Anamwacha aendelee kuwaza kwa sauti. Na kijana, mwenyewe, bila kusukumwa, anaanza kupunguza mwendo. Mavazi ni jambo dogo. Lakini watu wakiachwa wachague mwenzi wa ndoa, wakakosea? Wakichagua kazi, wakakosea? Wazo linamtisha mpaka karibu acheke. Haiwezekani, si salama.

Nimesoma ukurasa huo mara nyingi na bado naona ndio fundo la riwaya zote za aina hii. Hakuna aliyemshika mkono Jonas. Amefika kwenye hoja ya watawala kwa miguu yake, na amefika upesi, kwa sababu hoja yenyewe ni nzuri. Watu hukosea kuoa, nani hajaona? Watu husomea kazi wakaichukia. Ukimwondolea mtu uchaguzi unamwondolea na majuto, na majuto ni mzigo ambao wengi wetu tungeulipia nauli uende.

Kisha Lowry anatuonyesha bei. Baba yake Jonas ni mlezi wa vichanga, mtu mwema, wa aina ya kumleta nyumbani usiku mtoto asiyelala vizuri ili amsaidie akomae. Wakizaliwa mapacha wanaofanana, kanuni inataka abaki mmoja. Wanapimwa uzito, na mwepesi "anaachiliwa". Jonas amekua akisikia neno hilo, wazee huachiliwa kwa sherehe, wavunja kanuni huachiliwa kwa aibu, na siku zote amedhani wanapelekwa mahali. Mzee anamwonyesha kwenye video. Baba anachukua sindano, anaitia kwenye mshipa wa kichwa cha kichanga, akiongea naye kwa sauti ile ile ya kubembeleza anayoitumia nyumbani. Mtoto anakunja miguu, anatulia. Baba anauweka mwili kwenye katoni, katoni kwenye mdomo wa bomba la taka, anaaga kwa utani, anatoka.

Baba huyo si katili. Hajui. Hajawahi kuulizwa achague hata rangi ya kanzu, na siku jambo kubwa linapomfika mkononi hana tena kiungo cha kulipimia. Hapo binti wa dagaa ndipo alipouliza swali lake la jicho. Sikumjibu, maana lilikuwa jibu tayari.

Msomaji wa Kigoma ana kitu cha kuongeza hapa. Mwaka 1972 mkoa wetu ulipitiwa na Operesheni Kigoma, miongoni mwa zile za kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Mwishoni mwa 1973 ikawa amri ya nchi nzima: hadi kufika mwisho wa 1976 kila anayeishi mashambani awe kijijini. Babu yangu mzaa mama, upande wa Kasulu, alitoka bondeni kwenye migomba yake akaja kujenga kwenye mstari kando ya barabara, nyumba ya jirani kushoto, nyumba ya jirani kulia, umbali sawa. Alikuwa na namna mbili za kusimulia jambo hilo kutegemea amekaa na nani. Akiwa na wazee wenzake, ilikuwa hadithi ya ndizi zilizoachwa zikaivia mgombani, zikaliwa na nyani. Akiwa na sisi wajukuu, ilikuwa hadithi ya mama yetu, aliyeanza shule kwa sababu sasa shule ilikuwa jirani kiasi cha kusikia kengele. Zote mbili zilikuwa za kweli. Sikumbuki hata siku moja akizisimulia pamoja.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha riwaya ya distopia. Iliyo dhaifu inasimulia ndizi peke yake: watawala ni mashetani, hakuna walichowahi kumfanyia mtu, na msomaji anafunga kitabu akijiona shujaa kwa kuwachukia. Iliyo nzuri inasimulia ndizi na kengele ya shule katika sentensi moja, ukabaki hujui ufanye nini.

Lakini kupangwa na kamati ni nusu tu ya jambo, na hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuna kunyimwa uchaguzi, na kuna kufuata mkumbo. La kwanza linatoka juu. La pili linatoka benchi uliyokalia. Distopia yoyote inayodumu inahitaji yote mawili, kwa sababu hakuna kamati yenye macho ya kutosha kumlinda kila mtu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na majirani, bure.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima hili Marekani, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 1951. Aliwaketisha wanafunzi wa chuo pamoja, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi. Mtu akiwa peke yake alikosea mara chache sana. Ila chumbani wote walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, na waliopangwa walitaja kwa sauti jibu moja la uongo. Yule mmoja, aliyewekwa mwishoni au karibu na mwisho, alikuwa na kazi ya kuchagua kati ya macho yake na wenzake. Karibu theluthi moja ya majibu yaliufuata uongo, na kama robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata angalau mara moja. Na akiwekwa mtu mwingine mmoja tu anayesema kweli, kufuata kunaporomoka. Si lazima awe kiongozi, wala msemaji hodari. Mmoja tu.

Nikaona tujaribu. Nilichukua vipande vya uzi wa nyavu, nikavibandika kwenye boksi: kimoja cha kulinganishia, na vitatu vyenye herufi A, B na C. Watano niliwavuta pembeni mapema. Mlengwa alikuwa yule mbishi, nikamketisha mwisho wa benchi. Mzunguko wa kwanza wenzake wakataja uongo, akawacheka, akasema kweli. Wa pili akasema kweli bila kucheka. Kabla ya mzunguko wa tatu kijana mmoja aliyechelewa, ametoka kumpelekea baba yake betri ya taa mwaloni, akapenya akakaa katikati yao, tukaendelea. Jibu lilikuwa C, linaonekana hata na aliyesinzia. B, B, B, benchi nzima mpaka ikamfikia. Akautazama uzi. Akawatazama wenzake. Akainama kidogo kama anayetafuta pembe nzuri ya kuutazamia. "B," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Baadaye nilimuuliza kama alikuwa anaogopa kuchekwa. Akakataa katakata. Alisema aliona kabisa kwamba ni C, "ila nilidhani labda mnamaanisha kitu kingine ambacho mimi sijakielewa."

Jibu hilo linafaa kushikwa vizuri. Tumezoea kusema mtu anayefuata mkumbo ni mwoga. Wengine ni waoga, ndiyo. Wengine wana adabu tu: wanawakopesha wenzao akili, wanaamini wengi hawawezi kukosea bila sababu. Na sisi tumewalea hivyo, kwa wengi wape, kwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Si malezi mabaya. Mtoto wa Kibirizi asiyemsikiliza mkubwa juu ya upepo wa ziwa hafiki mbali.

Lowry ana kipengele kinachogusa hapo hapo. Jonas anapoanza kazi yake anapewa karatasi yenye maelekezo manane. La mwisho linasema anaruhusiwa kusema uongo. Anashtuka, kwani tangu utotoni amefundishwa usahihi wa lugha kuliko kitu chochote. Kisha wazo baya zaidi linamjia: je, kama watu wazima wote, walipotimiza 12, walikuta sentensi hiyo hiyo kwenye karatasi zao? Angeweza kuwauliza. Lakini angejuaje kama jibu ni la kweli? Mji mzima unaweza kuwa umejaa watu wanaofumba jicho, kila mmoja akidhani wenzake chongo zao ni za kweli.

Kuna riwaya nyingine vijana waliyoitaka kwa nguvu, Divergent ya Veronica Roth ya mwaka 2011. Kwangu ni dhaifu kuliko hiyo, ila ina jambo moja zuri. Katika Chicago yake ya kesho watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia: wanaojinyima, majasiri, wasomi, wenye amani na wakweli. Ukifika miaka 16 unafanyiwa jaribio la kuonyesha unafaa wapi, na kesho yake, mbele ya watu wote, unajikata kiganja na kudondosha damu kwenye bakuli la kundi unalolitaka. Uko huru kabisa. Unachagua mara moja, kati ya matano yaliyopangwa na wengine, na ukishindwa huko ulikochagua unakuwa mtu asiye na kundi, wa kufagia na kuendesha mabasi. Na wale majasiri waliochagua kuwa huru kuliko wote wanavaa nyeusi wote, wanajichora wote, na wanaruka kutoka kwenye treni kwa sababu aliyetangulia ameruka.

Hapo sikuhitaji kufafanua. "Tahasusi," walisema watatu kwa pamoja, yaani ile michepuo ya masomo matatu matatu ya kidato cha tano. PCB, HGL, EGM: chagua, ila humu humu. Yule binti wa dagaa anapenda baiolojia na anapenda historia, na hakuona herufi tatu zinazozibeba zote mbili. Fomu yake ilikuwa begani kwenye begi, ya kurudishwa Ijumaa. Kiswahili chenyewe, ukikisikiliza, kimekwisha kiri. Mtoto akifaulu darasa la saba tunasema amechaguliwa. Akimaliza kidato cha nne tunamuuliza amepangiwa wapi. Kauli ya kutendwa na ya kutendewa. Sijasema nchi ingeweza kufanya vinginevyo. Nafasi zikiwa chache na watoto wengi, lazima mtu apange. Nasema tu kwamba nafasi ya neno kuchagua imechukuliwa na kitenzi kingine, na mtoto wa miaka 16 analisikia hilo hata kama halisemi.

The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, ndiyo yenye msichana wa upinde, na sitakaa nayo sana ila kwa hesabu moja ambayo filamu inaipitia haraka. Kila mwaka vijana wa miaka 12 hadi 18 wanapigiwa kura ya bahati nasibu ya kwenda kuuana. Maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye kura ili apate nafaka na mafuta ya kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, chakula chenyewe haba, na majina yanalimbikizwa mwaka hadi mwaka. Katniss, ndiye msichana wa upinde, akiwa na miaka 16, ameingia mara 20. Rafiki yake Gale mara 42. Tajiri wa rika lao ana machache. Na hakuna aliyelazimishwa! Kila jina la ziada limeombwa kwa hiari. Msimu wa giza, taa zikiwaka ziwani kama mji mwingine, nenda mwaloni uangalie umri wa baadhi ya wanaoshuka mitumbwini alfajiri. Watu husema amechagua mwenyewe.

Mama mdogo wangu hukaa nasi akichambua maharage, hasomi Kiingereza, lakini hadithi anazifuata zote. Siku tulipofika pale msichana wa Divergent anapoacha kundi la wazazi wake na kwenda kwa wale majasiri, aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Na mama yake huyo, nani atamwangalia?"

Walicheka. Mimi nilisimamisha somo, kwa sababu swali hilo linafichua kitu. Vijana wetu wengi husoma riwaya hizi kama silaha dhidi ya wazee: ukoo ndio kamati, shangazi ndiye spika ukutani. Wamarekani nao huziuza hivyo, mtu mmoja dhidi ya wote. Ukizisoma kwa makini haziko hivyo. Kauli ya makundi yale matano ni kwamba kundi linatangulia damu. Kwenye jamii ya Jonas hakuna babu wala bibi. Wazazi wakishalea huenda kuishi na wenzao wasio na watoto, kisha Nyumba ya Wazee, na watoto waliokua hawawatafuti. Jonas anapopokea kumbukumbu ya familia moja usiku wa sikukuu, vikongwe wakiwa pamoja na wajukuu, anarudi nyumbani na kuwauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanacheka. Wanamkemea kwa upole kwamba neno hilo halina maana sahihi, aulize kama wanamfurahia. Ukoo ndio uliovunjwa kwanza, ili kamati ipate nafasi.

Nilimweleza mama mdogo hivyo. Akatikisa ungo, akaridhika nusu. Yeye mwenyewe aliolewa kwa mipango ya wazee na husema alibahatika. Hilo neno alibahatika amelichagua mwenyewe.

Malalamiko yangu makubwa kwa riwaya hizi ni mengine. Karibu zote zinamfanya shujaa kuwa tofauti tangu tumboni. Jonas ana macho maangavu ambayo karibu hakuna mwingine anayo. Msichana wa Chicago anapimwa, jaribio linamkuta anafaa makundi matatu badala ya moja. Basi upinzani unakuwa kipaji, kama sauti ya kuimba. Mwandishi amekesha akitetea uchaguzi, halafu shujaa wake hajachagua kuwa alivyo. Yule mmoja wa Asch aliyesema kweli na kuwafungulia wengine midomo hakuwa na macho ya pekee. Aliona mstari ule ule.

Wiki mbili baada ya mchezo wa nyuzi, yule mbishi alibaki nyuma kunisaidia kuingiza benchi ndani. Akataka kujua niliwapanga wangapi. Nikamwambia watano. Akasimama na benchi mkononi, akahesabu kimoyomoyo.

"Tulikuwa saba, mwalimu. Mimi, na hao watano."

Wa saba ni yule aliyechelewa. Sikuwa nimemwambia neno. Alikuja mzunguko wa tatu, akakaa katikati, akawasikia waliomtangulia, akasema B, na B yake ikahesabiwa na yule mbishi pamoja na nyingine. Mimi niliyeupanga mchezo nilikuwa nimekaa mbele yao wote na sikuona.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza alikuwa ameona nini. Aliona C, alisema, na alikuwa na wasiwasi kidogo baada ya kujibu. Wasiwasi ukamwisha mlolongo ulipofika mwisho wa benchi. "Nilipomsikia hata yule mbishi amesema B," akaniambia, "nikajua macho yangu ndiyo mabovu."